Jinsi ya kucheza uwanja wa gofu wa kale uliofufuliwa kwenye nchi ya vilima

Mara ya kwanza nilipocheza uwanja wa aina hii, nilifika kwenye grini ya shimo la tatu, pale penye nyasi fupi na tundu, kwa mikwaju miwili tu. Mpira ulikuwa mita nne juu ya tundu, nami nilikwisha kuanza kujipongeza. Niliugusa kidogo. Ukapita kando ya tundu kwa mwendo wa mtu anayesitasita, ukafika ukingoni, ukapata kasi, ukashuka mpaka pale chini nilipokuwa nimesimama dakika tano kabla. Niliondoka na mikwaju saba kwenye kadi. Kedi, mbeba fimbo zangu, ambaye alikuwa amenionya nilenge chini ya bendera, hakusema neno. Alinipokea tu fimbo.

Karibu kila kitu nilichoandika hapa kimetokana na saba ile. Kwenye vilima, na hasa kwenye uwanja uliorudishiwa umbo lake la miaka ya 1920, mpira ukitua safari yake bado. Unapanga kwanza utakaposimama, kisha unarudi nyuma kutafuta utakapotua, kisha ndipo unachagua fimbo. Wengi wetu tumefundishwa kinyume.

Elewa kwanza ni nini kilichofufuliwa

Wachezaji wakisema uwanja wa kale, kwa kawaida wanamaanisha ule uliochorwa kati ya miaka ya 1910 na 1930 na watu kama Donald Ross, Alister MacKenzie, A. W. Tillinghast, Seth Raynor au William Flynn. Zama hizo udongo ulisogezwa zaidi kwa wanyama na nguvu za watu, kwa hiyo mchoraji aliifuata ardhi. Grini iliwekwa pale kilima kilipokuwa tayari na bega la kuikalisha, na feawei, ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea grini, ilipita pale maji yalipokwisha kuchonga njia.

Kisha miaka ikafanya kazi yake. Wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mabanka mengi, yaani mitego ya mchanga, yalifukiwa ili kupunguza gharama za utunzaji. Baadaye ikaja shauku ya kupanda miti kila upande. Mashine za kukata nyasi nazo zikawa zinapunguza kona za grini kidogo kidogo, hadi grini iliyozaliwa na pembe ikawa na umbo la yai.

Anayefufua uwanja hurudi kwenye ushahidi: michoro ya awali, picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, na udongo wenyewe, maana ukichimba kando ya grini mara nyingi unakuta mchanga wa banka lililozikwa. Michoro mingi ya Ross imehifadhiwa Tufts Archives, huko Pinehurst nchini Marekani. Uwanja namba 2 wa hapohapo, kazi maarufu kuliko zote za Ross, ulifufuliwa na Bill Coore na Ben Crenshaw mwaka 2010 na 2011, na mwaka 2014 ukaandaa mashindano ya US Open ya wanaume na ya wanawake kwa wiki mbili mfululizo. Huo uko kwenye tambarare ya mchanga. Kwa vilima halisi, mfano ninaoupenda ni Pasatiempo, kule Santa Cruz, California, uliochorwa na MacKenzie na kufunguliwa mwaka 1929. MacKenzie mwenyewe alijenga nyumba kando ya feawei ya shimo la sita na kuishi hapo hadi alipofariki mwaka 1934.

Wewe mchezaji, historia hiyo inakugusa hivi. Miti imeondolewa, kwa hiyo upepo umerudi. Feawei ni pana kuliko ulivyozoea, na upana huo ni mtego kama ulivyo zawadi. Grini zimerudishiwa kona zake, basi bendera inaweza kukaa mahali ambapo miaka michache iliyopita palikuwa na nyasi ndefu. Na pembeni mwa grini nyasi zimekatwa fupi, hivyo mpira uliokosea kidogo haukamatwi na kitu, unaondoka.

Maandalizi ya wiki moja kabla

Usiende kwenye uwanja tambarare wa mazoezi ukapiga mipira mia ukidhani umejiandaa. Tafuta mteremko wowote wenye nyasi, upige mipira ishirini ukiwa umesimama vibaya. Utajifunza zaidi kwa mipira hiyo ishirini.

Pitia kadi ya uwanja kabla ya kufika. Utaona namba inayoitwa Slope. Watu wengi hudhani inapima ukali wa milima. Sivyo. Inaonyesha ni kiasi gani mchezaji wa kawaida atateseka kuliko bingwa, na huanzia 55 hadi 155, huku 113 ikihesabiwa kuwa ya wastani. Uwanja wa vilima wenye grini kali unaweza kuwa mfupi kwenye karatasi na bado ukawa na namba kubwa. Hilo likusaidie kuchagua jukwaa la kuanzia. Ushauri wangu ni kusogea mbele hatua moja kuliko kiburi chako kinavyotaka. Uwanja huu utakupa raha pale unapofika kwenye grini ukiwa na fimbo fupi ya chuma mkononi na maamuzi ya kufanya. Kupiga fimbo ndefu kupanda kilima mara kumi na nne ni kazi ya kibarua.

Begi lako liwe jepesi. Kanuni zinaruhusu fimbo zisizozidi 14. Hazikulazimishi kuzibeba zote. Ukiweza kutembea, tembea, kwa kuwa miguu huhisi mteremko ambao jicho halikuuona. Na kama uwanja una makedi, chukua mmoja. Sisemi hivyo kwa adabu. Uwanja wa aina hii una siri nyingi za wapi mpira unakimbilia, na mtu anayeutembea kila siku anazijua zote.

Fika saa moja mapema, uitumie kwenye grini ya mazoezi

Ukiwa na muda wa jambo moja tu kabla ya kuanza, acha draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, nenda kasukume mipira. Anza kwa kushusha mteremko. Weka mipira mitatu mita sita juu ya tundu, uone unahitaji kugusa kidogo kiasi gani. Kisha zunguka upande wa chini, upandishe. Tofauti utakayoihisi mikononi ndiyo utakayoishi nayo saa nne zijazo.

Kasi ya grini hupimwa kwa kifaa kiitwacho Stimpmeter. Edward Stimpson alikibuni baada ya kutazama US Open ya mwaka 1935 kwenye uwanja wa Oakmont, ambako mpira wa mchezaji Gene Sarazen uliteleza ukatoka kwenye grini. Wachezaji hupenda kutajiana namba yake kwa majigambo. Lakini wachoraji wa kale walibuni miteremko yao kwa nyasi zilizokuwa za polepole zaidi kuliko za leo. Mteremko uleule, ukiukatia nyasi fupi za kisasa, ni mnyama mwingine. Kwa hiyo usiulize tu grini zina kasi gani. Muulize kedi au mwenyeji ni grini zipi ambazo mpira hausimami ukiwa juu. Kwa kawaida atataja tatu au nne bila kufikiri. Ziandike kwenye kadi.

Kabla hujaenda kwenye jukwaa la kwanza, simama mahali palipoinuka uangalie nchi nzima. Sehemu ya juu kabisa iko wapi? Maji ya mvua yanakimbilia wapi, mtoni au bondeni? Ukishajua hayo, utakuwa na jibu la kuanzia kila jicho lako litakapochanganyikiwa. Na litachanganyikiwa. Kwenye bega la mlima mrefu, grini inayoinamia kushoto huweza kuonekana inainamia kulia kwa sababu mandhari yote nyuma yake imelala upande. Hapo amini mlima.

Hesabu ya umbali

Kanuni ya kuanzia ni rahisi: kila mita moja ya kupanda, ongeza mita moja kwenye umbali; kila mita ya kushuka, punguza kama hiyo au pungufu kidogo. Bendera iko mita 140 na grini ipo juu yako mita 10? Piga mkwaju wa mita 150. Mpira unaoruka chini na kutua kwa kuteleza huathiriwa zaidi kuliko ule wa weji, fimbo fupi ya kunyanyua mpira, unaodondoka karibu wima, kwa hiyo ukiwa na fimbo ndefu mkononi kilima kinakudai zaidi.

Kuna na hewa. Ukicheza kwenye nyanda za juu, mathalani mita 1500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira husafiri kama asilimia 6 zaidi. Watu huyachanganya mambo haya mawili. Mwinuko wa uwanja kutoka baharini ni hesabu ya siku nzima. Kupanda na kushuka ni hesabu ya kila mkwaju.

Vifaa vya kupimia umbali vinasaidia, ila kumbuka kwamba kwa kawaida kanuni haziruhusu kutumia sehemu inayopima mwinuko katika raundi ya kanuni. Izime. Na hata unapocheza kwa kujifurahisha, jizoeze kukisia kwanza ndipo upime.

Mashimo yanayoshuka sana yana hila ya pekee. Mpira hukaa angani muda mrefu, na upepo uliorudi uwanjani miti ilipokatwa hupata muda wote huo wa kuusukuma. Ukiwa juu ya jukwaa refu na bendera iko chini kabisa, hofia upepo wa pembeni kuliko umbali.

Kusimama mahali pasipo sawa

Haya ninayasema kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Mpira ukiwa juu ya miguu yako, utaelekea kushoto. Shika fimbo chini kidogo ya kawaida, simama wima zaidi, lenga kulia. Kadiri fimbo ilivyo fupi na uso wake ulivyolala, ndivyo mpira unavyokwenda kushoto zaidi, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani weji ni salama.

Mpira ukiwa chini ya miguu, huo ndio mgumu kuliko yote. Utaelekea kulia, na mwili wako utataka kuinuka katikati ya mkwaju. Panua miguu, kunja magoti, kaa kama unayetaka kuketi kwenye kigoda, na ubaki hapo hadi mpira uondoke. Usitafute nguvu. Robo tatu ya mkwaju inatosha.

Ukipiga kupanda, mteremko unaongeza kuinuka kwa mpira, kwa hiyo unaruka juu na kufupika. Chukua fimbo moja ndefu zaidi, pengine mbili, na utarajie mpira kuvutika kushoto. Ukipiga kushuka ni kinyume: mpira hutoka chini, hukimbia sana ukitua na hupenda kwenda kulia. Linganisha mabega na mteremko, uzito uwe mguu wa chini, kisha ruhusu fimbo ifuate ardhi hata baada ya kugusa mpira. Kosa la kila mtu hapa ni kujaribu kuunyanyua mpira. Ukijaribu kuunyanyua utapiga udongo nyuma yake, au utaugusa kichwani uende kama risasi.

Mchanganyiko ndio unaotokea mara nyingi, mpira uko juu ya miguu na unapiga kushuka. Hapo shughulikia kwanza kile kinachoweza kukuangusha, yaani mizani ya mwili, mwelekeo baadaye.

Kutoka kwenye jukwaa: upana una bei yake

Unasimama juu, unaona feawei ya kuegesha meli, unafyatua draiva katikati. Umekosea, ingawa utalijua hilo kwenye mkwaju wa pili.

Wachoraji wa zama zile waliacha feawei pana ili uchague upande. Upande mmoja, mara nyingi ule wenye banka au ukingo wa hatari, unafungua grini. Ule mwingine, ulio rahisi, unakuacha upige juu ya banka kuelekea grini inayokukimbia. Basi kabla ya kuchagua upande, tazama bendera. Ikiwa imejificha nyuma ya banka la kushoto, mara nyingi njia yake ipo kulia. Kwenye vilima ongeza swali la pili: mpira utakimbilia wapi ukitua? Feawei iliyolala kutoka kushoto kwenda kulia ina upana mkubwa machoni na mwembamba miguuni. Lenga ukingo wa juu, ardhi itakuletea mpira katikati.

Mikwaju ya upofu, ambapo huoni unakopiga, ni sehemu ya utamu wa viwanja hivi, ingawa wapo wanaoilalamikia. Chagua kitu kirefu kwa mbali, mti, nguzo, hata wingu lisilo na haraka, upige kukielekea. Kama kuna kengele ukishavuka kilima, igonge, walio nyuma wanaingoja. Na ukiwa na shaka mpira umepotea, piga wa akiba kabla hujaondoka. Muda wa kutafuta ni dakika 3 tu, na kupanda tena kilima kurudia mkwaju ni adhabu ambayo haikuandikwa kwenye kanuni.

Kuingia grini

Hapa ndipo alama zako zinapoamuliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Grini nyingi za kale zilizo ubavuni mwa kilima zimeinama kutoka nyuma kuja mbele, zikimtazama mpigaji. Hiyo huzipa maji pa kutokea, na wewe inakupa sheria moja kuu: baki chini ya tundu. Mita saba chini ya tundu ni bora kuliko mita mbili juu yake. Nimeshuhudia wachezaji wazuri kuliko mimi wakikataa kuamini hilo mpaka shimo la saba hivi. Bendera ikiwa mbele, lenga mbele hata kama utaishia nje ya grini kidogo. Kutoka hapo unapandisha.

Lakini angalia midomo ya grini. Wachoraji wengi waliacha sehemu ya mbele imeshuka kama ulimi, kwa mbali inaonekana ni grini, lakini mpira ukitua hapo unarudi nyuma mita ishirini. Kwa hiyo kuna mstari: usifupishe hadi ulimini, usirefushe kupita tundu. Nafasi iliyobaki ndiyo shabaha yako, na mara nyingi haina bendera ndani yake.

Usiamini mabanka unapokisia umbali. MacKenzie alikuwa daktari aliyejifunza ufundi wa kuficha mahandaki wakati wa Vita vya Makaburu, akauleta ujuzi huo kwenye gofu. Banka linaloonekana limeigusa grini huweza kuwa mita 30 kabla yake. Jicho linasema fupi, kifaa kinasema ndefu. Hapo amini kifaa.

Jifunze pia maumbo machache yanayojirudia, kwani wachoraji C. B. Macdonald na Raynor waliyanakili uwanja baada ya uwanja. Redan, ambalo asili yake ni shimo la 15 la North Berwick huko Uskoti, lina grini iliyowekwa mshazari na kuinama kutoka mbele kulia kwenda nyuma kushoto. Ukiifuata bendera moja kwa moja unaishia kwenye banka refu. Ukitua kwenye bega la kulia, mpira unajipinda wenyewe hadi kwenye bendera. Biarritz, lililopewa jina la mji wa Ufaransa, lina grini ndefu iliyokatwa na bonde katikati, kama ile ya shimo la 9 la uwanja wa Yale. Hapo jua kwanza bendera ipo kabla au baada ya bonde. Na grini ya umbo la bakuli ni rafiki: tua popote pembeni, usubiri.

Kila mara jiulize kama mpira unaweza kuingia kwa kukimbia. Wachoraji hawa waliacha mlango wazi mbele ya grini nyingi. Chuma namba 7 kinachotua mita 20 nje na kupanda kwa kubiringika huleta matokeo bora kuliko weji ya kishujaa, na hakika kinafurahisha zaidi kukitazama.

Pembeni na juu ya grini

Mpira ukiwa kwenye nyasi fupi zilizozunguka grini, fimbo ya kusukumia ndiyo chaguo la kwanza. Weji iwe ya mwisho. Kosa baya la fimbo ya kusukumia hukuacha mita tatu. Kosa baya la weji hurudisha mpira miguuni mwako, na unaanza upya huku wenzako wakijifanya wanatazama ndege.

Ukiwa bankani, toka kwanza. Ikiwa ukuta wa mbele ni mrefu, piga pembeni au hata nyuma. Mchoraji aliliweka banka lile ili likugharimu mkwaju mmoja. Mkwaju wa pili na wa tatu unajitoza mwenyewe.

Juu ya grini, soma mteremko kutoka upande wa chini, si nyuma ya mpira pekee. Tafuta kwanza mahali ambapo mpira ungesimama kama ungekosa tundu. Msukumo wa kushuka piga kana kwamba tundu liko karibu zaidi, na uupe upinde mkubwa kuliko unavyotaka. Sehemu kubwa ya upinde hutokea mwishoni, mpira ukiwa umechoka.

Kanuni moja itakuokoa kwenye miteremko hii. Mpira wako ukifika kwenye grini, weka alama, uinue na uurudishe mapema. Ukishafanya hivyo, upepo au mteremko ukiusogeza baadaye, unaurudisha pale pale bila adhabu. Kama hukuwa umeuinua na ukasogea wenyewe, unacheza kutoka ulipofika, na huko kunaweza kuwa chini ya kilima.

Mashimo manne ya mwisho

Miguu huanza kusema uongo karibu na shimo la 15. Mapaja yamechoka, mkwaju unakuwa wa mikono mitupu, na mipira yote inaanza kufupika bila wewe kujua sababu. Kunywa maji kabla ya kiu, tembea polepole ukipanda, pumua mara mbili kabla hujachukua fimbo begini.

Viwanja vingi vya vilima vina jumba lake kileleni, kwa hiyo shimo la 18 hupanda. Macho ya walioketi barazani yanakuona, na mkono unashawishika kupiga kwa nguvu. Ongeza fimbo mbili badala ya moja: moja kwa ajili ya kilima, nyingine kwa ajili ya uchovu. Piga robo tatu. Na kama bendera iko mbele, juu kidogo ya ule ulimi, uache mpira chini yake, hata ikiwa waliopo barazani watadhani umekosa.